Hati ya nyumba ina jina la nani?

Swali: Wakili, mimi na mume wangu ni Wakenya, tumeishi California miaka 19. Mimi nimeshachukua uraia wa Marekani, mwenzangu bado ana green card. Tuna watoto watatu: wawili wamepita miaka 20, kitinda mimba ana 11. Nyumba yetu inakisiwa kuwa ya dola 900,000 na deni la benki limebaki kama 560,000. Nina 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazini, mume wangu ana bima ya maisha, benki kuna dola 38,000 hivi, magari mawili, na ploti moja nyumbani Kenya. Majuzi tulialikwa semina hotelini. Tukaambiwa wosia hauna maana, tununue trasti, yaani hati ya kuweka mali mikononi mwa wadhamini, kwa dola 3,500, la sivyo korti na kodi zitakula nusu ya jasho letu. Shemeji yetu wa Houston, Texas, anasema huo ni utapeli: baba mkwe wake aliacha wosia wa kurasa tatu na mambo yakaisha bila purukushani. Tumsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, kila mmoja wao amekupa nusu ya ukweli. Shemeji amesema kweli kuhusu Texas, ila nyinyi hamko Texas. Yule wa hotelini amesema kweli kuhusu mahakama za California, akawadanganya kuhusu kodi. Wala hakuna aliyewauliza jambo ambalo mimi ningeanza nalo: hati ya nyumba ina jina la nani, na jina hilo limeandikwaje?

Naanzia hapo kwa sababu watu wengi wanadhani mahakama huingia kwenye mirathi ili kujua marehemu alitaka nini. Kinachoipeleka mali mahakamani ni jambo dogo kuliko hilo. Nyumba ina jina la mtu, na mtu huyo hawezi tena kutia sahihi. Mnunuzi hawezi kuuziwa, benki haiwezi kufungua akaunti, mtoto hawezi kuandikishwa kuwa mmiliki, mpaka apatikane mwenye mamlaka ya kutia sahihi badala ya marehemu. Jaji ndiye anayempa mtu mamlaka hayo. Basi mali ambayo tayari ina njia ya kuhama bila sahihi ya marehemu haina haja ya jaji, na mali isiyo na njia hiyo itapita kwake hata kama familia nzima inapendana na hakuna anayegombana na mwenzake.

Na wosia? Wosia ni barua unayomwandikia jaji. Unamwambia nani asimamie, nani apewe nini. Ni barua nzuri na ninyi mtaihitaji, lakini barua kwa jaji haiwezi kuwa njia ya kumkwepa jaji. Aretha Franklin, yule mwimbaji, alipofariki mwaka 2018, familia iliamini hakuacha wosia. Baadaye zikapatikana karatasi alizoandika kwa mkono, na mojawapo, ya mwaka 2014, ilikuwa katika daftari chini ya mito ya kochi. Watoto wake wakafika mbele ya baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) huko Michigan, na ni mwaka 2023 ndipo baraza hilo lilipoamua kwamba karatasi za kwenye kochi ni wosia halali. Mwanamuziki Prince alifariki mwaka 2016 bila kuandika chochote, na mirathi yake ikachukua miaka sita. Mmoja alikuwa na wosia zaidi ya mmoja, mwingine hakuwa na hata mmoja, na wote wawili waliishia mahakamani.

Sasa kwa nini California watu wanaihofia njia hii kuliko Texas? Ni hesabu tu. Sheria ya California imepanga ujira wa wakili wa mirathi kwa asilimia: 4 kwa dola 100,000 za kwanza, 3 kwa 100,000 zinazofuata, 2 kwa 800,000 zinazofuata, kisha asilimia inazidi kushuka. Msimamizi wa mirathi naye ana haki ya ujira uleule. Na asilimia hiyo hupigwa kwenye thamani nzima ya mali, deni la benki halitolewi kwanza. Nyumba yenu, ambayo kwa kweli yenu ndani yake ni kama dola 340,000, itahesabiwa kama 900,000: yaani 4,000 na 3,000 na 14,000. Jumla 21,000 kwa wakili, na 21,000 nyingine kwa msimamizi akiamua kuchukua. Mara nyingi msimamizi akiwa mtoto wa marehemu husamehe ujira wake, maana unahesabiwa kuwa kipato na hutozwa kodi, ilhali urithi wenyewe hautozwi. Ongeza mthamini anayeteuliwa na serikali ambaye huchukua sehemu moja ya kumi ya asilimia moja, ongeza tangazo la gazetini, ongeza ada za mahakama. Halafu kuna muda. Wadai peke yao hupewa miezi minne ya kuleta madai yao tangu msimamizi akabidhiwe barua zake za mamlaka, na kesi ya kawaida, isiyo na ugomvi, huweza kufika mwaka au mwaka na nusu. Benki inayowadai haitangoja muda wote huo. Rejesho la kila mwezi linaendelea kudaiwa.

Texas wana utaratibu mwingine. Wosia ukiandikwa vizuri humpa msimamizi uhuru: jaji akishamthibitisha, na orodha ya mali ikishawasilishwa, anafanya kazi yake bila kurudi mahakamani kuomba ruhusa ya kila hatua, na hakuna asilimia iliyopangwa kwa wakili. Kwa hiyo baba mkwe wa shemeji alifanya vyema kabisa, pale alipokuwa. Angefia Fresno, California, na zile kurasa zake tatu, shemeji angekuwa anasimulia hadithi nyingine.

Rudi sasa kwenye hati yenu. Wanandoa wengi California wameandikwa kwa namna inayosema kwamba akifa mmoja, sehemu yake inakuwa ya aliyebaki. Ikiwa yenu imeandikwa hivyo, kifo cha kwanza hakina kesi: aliyebaki anapeleka cheti cha kifo na hati ya kiapo kwenye ofisi ya kaunti inayosajili ardhi, basi. Tatizo lenu liko kwenye kifo cha pili, au kwenye ajali inayowachukua nyote usiku mmoja. Hapo nyumba inabaki na majina mawili na hakuna wa kutia sahihi.

Tangu 1 Aprili 2025 California imeweka ombi lepesi la mahakamani, badala ya kesi nzima ya mirathi, kwa nyumba aliyokuwa akiishi marehemu ikiwa thamani yake haizidi dola 750,000. Yenu imevuka, na hapa tena deni halipunguzi kitu. Ingekuwa nyumba ya 600,000, na watoto wote wakubwa, jibu langu lingekuwa fupi na pengine ningewaambia mkae na pesa zenu.

Kwa hali yenu, trasti inafaa. Lakini afadhali muielewe kuliko kuinunua kama kitambulisho cha kuweka kwenye droo. Fikirieni wadhamini wa kanisa au msikiti. Hati ya kiwanja ina majina yao watatu au wanne, wao ndio wanaotia sahihi, lakini hakuna anayedhani kiwanja ni chao. Wanakishika kwa ajili ya waumini. Mdhamini mmoja akifa, mwingine anashika nafasi na kiwanja hakiingii kwenye mirathi ya nyumbani kwake. Trasti ya uhai ni mpango huohuo ndani ya familia, ila mnajifanya wenyewe kuwa wadhamini na wanufaika kwa wakati mmoja. Wewe na mume wako mnaandika kwamba mali hizi sasa zinashikwa na sisi kama wadhamini, kwa faida yetu maadamu tuko hai, na tukiondoka fulani atashika udhamini na kuzigawa hivi na hivi. Mnaweza kuibadilisha au kuifuta siku yoyote. Mnaishi ndani ya nyumba kama jana, mnalipa mkopo kama jana, mnajaza fomu ya kodi ileile kwa namba zenu zilezile. (Neno mdhamini lisiwatishe. Hapa hakuna anayemdhamini mwenzake kwa deni.)

Siku wa pili kati yenu atakapokufa, yule mliyemtaja anachukua cheti cha kifo na nakala ya trasti, na anatia sahihi. Hakuna jaji. Si kwamba hakuna kazi: sheria inamtaka awape taarifa warithi na wanufaika ndani ya siku 60, nao wana siku 120 za kupinga tangu wapewe, madeni ya marehemu yanalipwa, kodi ya mwaka wa mwisho inajazwa. Ila anafanya hayo mezani kwake, na anaweza kuiweka nyumba sokoni baada ya wiki chache badala ya kusubiri kalenda ya mahakama.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko kukwepa ada, na wauzaji wa semina huipita mbio. Si kila mtu hufa ghafla. Ukipata kiharusi na huwezi kutia sahihi, mdhamini mwenzako anaendelea. Mkishindwa wote wawili, yule wa akiba anaingia. Bila mpango huo, familia hulazimika kumwomba jaji akuteulie mlezi wa mali ungali hai, kesi ambayo haina mwisho mpaka upone au ufe. Wosia hausaidii lolote hapa, kwa kuwa wosia husubiri kifo.

Sasa sikiliza pale watu wanapoharibu. Trasti inashika tu kile kilichoandikishwa kwa jina lake. Mnaweza kuwa na jalada la ngozi lenye kurasa 80 na muhuri wa dhahabu, lakini ikiwa hati ya nyumba kule kaunti bado inasoma majina yenu wenyewe, mahakama itawaita watoto wenu vilevile. Michael Jackson alikuwa na trasti ya familia na wosia wa mwaka 2002 uliosema kila kitu kiingie humo. Alipofariki Juni 2009 mali ilikuwa bado haijahamishiwa kwenye trasti, ikabidi ipite mirathi ya mahakamani Los Angeles, na zaidi ya miaka kumi baadaye kesi ilikuwa bado hai. Mawakili aliokuwa nao yeye, mimi na wewe hatutawahi kuwalipa. Kilichokosekana ni kuhamisha majina.

California ina huruma kidogo kwa waliosahau. Tangu kesi ya Heggstad ya mwaka 1993, mali iliyotajwa wazi kwenye orodha ya trasti, na mwenye mali akiwa ndiye mdhamini, huweza kukubaliwa na jaji kuwa ni ya trasti hata kama hati haikubadilishwa. Lakini hiyo nayo ni safari ya mahakamani, ileile mliyolipa kuikwepa. Kwa hiyo kabla hamjalipa hizo dola 3,500 kwa yeyote, muulizeni: bei hii inajumuisha kuandika hati mpya ya nyumba na kuisajili kaunti? Akianza kusema mtaifanya wenyewe baadaye, anawauzia jalada.

Mtauliza kuhusu benki, maana kila mwenye mkopo huuliza. Mkataba wenu una kifungu kinachosema mkihamisha umiliki, deni lote linadaiwa papo hapo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1982, iitwayo Garn-St Germain, inaizuia benki kutumia kifungu hicho pale mkopaji anapoiweka nyumba anayoishi kwenye trasti ambayo yeye mwenyewe ni mnufaika. Kodi ambayo kaunti hutoza nyumba nayo haipandi, kwa sababu California haihesabu kitendo hicho kama mabadiliko ya umiliki. Ijulisheni tu kampuni ya bima ya nyumba ili jina la trasti liongezwe. Na kumbukeni jambo moja ambalo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda: mkichukua mkopo mpya ili kupunguza riba, benki nyingi hutaka nyumba itoke kwenye trasti kwanza, mkatia sahihi pamoja na karatasi nyingine 40 bila kusoma, na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Miaka 12 baadaye mtoto anafungua jalada la ngozi na kukuta nyumba haimo.

Tuje kwenye vitu ambavyo havihitaji trasti hata kidogo kukwepa mahakama. 401(k) yako na bima ya maisha ya mume wako hulipwa kwa jina lililo kwenye fomu ya mnufaika. Wosia hauzigusi, trasti haizigusi, hata maneno ya mwisho hospitalini hayazigusi. David Egelhoff, mfanyakazi wa Boeing katika jimbo la Washington, alitalikiana na mkewe mwaka 1994, na miezi miwili hivi baadaye akafa kwa ajali ya gari. Fomu zake za kazini bado zilikuwa na jina la mke aliyemwacha. Sheria ya jimbo ilisema talaka inafuta jina la namna hiyo, na watoto wake wa ndoa ya kwanza wakaisimamia sheria hiyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 2001 mahakama ikaamua kwamba kwa mafao ya kazini yaliyo chini ya sheria ya shirikisho, fomu ndiyo inayofuatwa. Mke wa zamani akachukua.

Kwa hiyo mume wako aitafute fomu ya bima yake. Kama aliijaza alipoajiriwa, kabla hamjaoana, pengine ndani mna jina la kaka yake. Kwa 401(k) yako, sheria inamtambua mume kama mnufaika hata usipomwandika, isipokuwa yeye mwenyewe ameridhia kwa maandishi yaliyoshuhudiwa. Usijaribu kuihamishia 401(k) kwenye trasti ukiwa hai. Hiyo ni sawa na kuzitoa pesa zote siku moja, na kodi itazifuata zote.

Jina la pili kwenye fomu hizo, yaani nani achukue ikiwa mwenzako ametangulia, ndilo linalonitia wasiwasi kwa sababu ya huyu wa miaka 11. Kampuni ya bima haimkabidhi mtoto hundi. Mkimwandika kwa jina lake, jaji atateua mtu wa kuzishika hela hizo, na siku atakapotimiza miaka 18 atapewa zote. Sijui mtoto wenu alivyo. Mimi nikiwa na miaka 18 ningenunua pikipiki. Hapa ndipo trasti inapopata kazi nyingine: iandikeni trasti kama mnufaika wa pili wa bima, halafu ndani ya trasti mseme sehemu ya kitinda mimba ishikwe na mdhamini, atoe ya shule na matibabu, na iliyobaki apewe akifika 25, au nusu akiwa 25 na nusu akiwa 30. Kwa 401(k) jambo hilohilo linawezekana, ila kanuni za kodi ni kali zaidi na lugha ya trasti lazima iandikwe kwa ajili yake. Mwambieni wakili mapema.

Pesa za benki na magari hazina uzito huo. Zile 38,000 mnaweza kuziweka kwenye trasti au kujaza fomu ya benki ya kulipwa akifa mwenye akaunti. Na hata mkisahau, California ina njia ya kiapo isiyo na kesi kwa mali ndogo, ambayo kwa vifo vya kuanzia 1 Aprili 2025 kikomo chake ni dola 208,850. Magari yana fomu yao DMV, idara ya magari ya jimbo.

Je, wosia mnauhitaji bado? Mnauhitaji, na sababu ya kwanza ni huyo mtoto. Trasti hushika mali, haishiki watoto. Ni ndani ya wosia ndimo mtakamomtaja mtu wa kumlea mkiondoka nyote wawili, na ingawa neno la mwisho ni la jaji, jaji huanza na jina lenu. Najua jina la kwanza linalowajia ni la bibi yake au shangazi yake Kenya. Hakuna ubaya. Ila wekeni na jina la mtu aliye California, rafiki au jirani wa kweli, wa kumchukua mtoto usiku huo na miezi itakayofuata, wakati pasipoti, mahakama na tiketi vinashughulikiwa. Na wakubwa wawili msiwasahau: huenda mmoja wao ndiye atakayesema mdogo wangu abaki nami. Muulizeni kabla hamjamwandika, na muulizeni akiwa peke yake.

Sababu ya pili ni kuzoa masalia. Wosia unaoambatana na trasti husema kwamba chochote nilichosahau kukihamisha, kiingie huko. Ndiyo aina aliyokuwa nayo Jackson. Ukizoa vitu vidogo, hakuna shida. Ukitegemewa kuzoa nyumba, mmerudi mahakamani.

Wosia wenyewe California unataka mashahidi wawili watakaowaona mkitia sahihi, na afadhali wasiwe wanaorithi. Nasisitiza kwa sababu ya mazoea yetu. Nyumbani anayepiga muhuri wa kuthibitisha hati huwa ni wakili, kwa hiyo muhuri unabeba heshima ya ushauri wa kisheria. Marekani notari ni mtu yeyote aliyepewa leseni ya kushuhudia kwamba sahihi ni yako, hata karani wa duka la vifurushi. Hasomi ulichoandika, hakushauri, na muhuri wake hauchukui nafasi ya mashahidi wa wosia. Hati ya nyumba, kwa upande wake, ndiyo inayomtaka notari.

Ploti ya Kenya ishughulikiwe kwa njia yake. Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo, na msajili wa ardhi wa Kenya hatatii trasti ya California. Zaidi ya hapo, kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa muda usiozidi miaka 99, na mali inayoshikwa na wadhamini huhesabiwa ya raia pale tu wanufaika wote wanapokuwa raia. Ikiwa wewe ulizaliwa Mkenya, Katiba ya 2010 imekuruhusu uraia wa nchi mbili, lakini hakikisheni karatasi zenu na za watoto ziko sawa kabla ya siku ya kuzihitaji. Kisha andikeni wosia wa pili kwa ajili ya ploti hiyo peke yake, kwa wakili wa Kenya. Na hapa kuna shimo ambalo wengi wametumbukia: wosia wa California huanza, karibu wote, kwa sentensi inayofuta wosia zote za awali. Mkitia sahihi ule wa California wiki moja baada ya ule wa Kenya, mmeufuta wa Kenya bila kujua. Kila mmoja useme wazi unahusu mali za nchi gani, na kwamba haugusi ule mwingine.

Kuhusu ile kodi itakayokula nusu, laleni usingizi. California haina kodi ya mirathi. Ile ya shirikisho huanza pale mali ya mtu mmoja inapozidi dola milioni 15 kwa wanaofariki mwaka 2026. Ni kweli kwamba mume wako, kwa kuwa si raia, hapati ule msamaha usio na kikomo ambao mke au mume raia hupata, lakini jambo hilo lina uzito tu mkivuka kiwango hicho. Na trasti hii ya kubadilishika haipunguzi kodi hata senti. Haiwafichi kwa wadai pia: kwa kuwa mnaweza kuifuta mkitaka, sheria inaiona mali kuwa bado ni yenu. Mtu akiwaambia mkinunua trasti yake hamtadaiwa na hospitali, ondokeni.

Wala msiruke mambo haya yote kwa kumwandika mtoto mkubwa kwenye hati ya nyumba sasa hivi. Huwa naulizwa kila mwezi kama hiyo si njia rahisi zaidi. Ni rahisi mpaka mtoto agongane na gari la mtu na kudaiwa, au ndoa yake ivunjike, na nusu ya nyumba yenu iingie kwenye kesi yake. Tena mtakuwa mmempa zawadi leo: siku akiuza, sehemu hiyo itahesabiwa faida tangu bei mliyonunulia ninyi, wakati angeirithi, hesabu ingeanzia thamani ya siku ya kifo na kodi ya faida ingekuwa ndogo au isiwepo. Kumwandika ndugu anayeishi Nairobi ni kubaya zaidi, kwa sababu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifa na mali hapa, msamaha wake wa kodi ya mirathi ni dola 60,000 tu.

Ipo pia hati inayomhamishia nyumba mtu uliyemtaja pindi mwenye nyumba akifa, ambayo California imeiruhusu tangu 2016. Kwa mjane mwenye mtoto mmoja mkubwa ni njia safi na ya bei ndogo. Kwenu, mkiwa wamiliki wawili na mmoja wa warithi akiwa na miaka 11, inaacha mashimo mengi kuliko inayoziba.

Kwa hiyo wiki hii msilipe mtu. Nendeni ofisi ya kaunti inayosajili ardhi, mwombe nakala ya hati ya nyumba yenu ya mwisho kusajiliwa, msome mstari wenye majina. Ombeni pia fomu za mnufaika za 401(k) na bima, zile zilizojazwa kweli, si mnazodhani mlijaza. Mkiwa na karatasi hizo tatu mezani, tafuteni wakili wa mirathi aliye na leseni ya California, ambaye bei yake inafika mpaka kusajili hati mpya. Na kama kwenye mstari ule mtakuta jina la mmoja wenu tu, kwa kuwa wakati wa kuchukua mkopo mwenzake hakuwa na rekodi nzuri ya madeni, mwambieni wakili hilo kabla ya salamu.